Mwaka wa Mwisho wa Kaniki

Miche ya msimu huu imeshatoka kitaluni, mvua imeshika, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nina mchana wa kukaa mezani bila kuitwa. Nautumia kuandika habari za mbwa wangu. Nawaandikia wale wenye mnyama anayezeeka nyumbani, wanaomwona akibadilika na hawana wa kumwambia, kwa sababu huku kwetu mtu akisema "mbwa wangu anaumwa" watu humtazama wakisubiri amalizie kichekesho. Mimi si daktari. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, kwanza vitabu vya miti, halafu vya mifugo. Ugonjwa wenyewe sitaueleza. Nitaeleza tulivyoishi nao.

Nina kitalu cha misindano na mikaratusi nje kidogo ya Mafinga. Mume wangu, baba Eliza, ni fundi seremala. Mtoto tunaye mmoja, Eliza, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi Mbeya. Ndiye aliyemleta Kaniki nyumbani, akiwa darasa la tatu, ndani ya mfuko wa madaftari. Alikuwa mbwa jike mweusi mwili mzima, hana doa. Mama mkwe wangu, ambaye wakati ule alikuwa hai na tulikaa naye, alimtazama akasema, "Hii si kaniki kabisa?" Jina likakaa. Kila asubuhi Kaniki alimsindikiza Eliza mpaka barabara kuu, na alasiri alikwenda mwenyewe kumpokea. Hakuna aliyemfundisha. Eliza alipokwenda chuo, Kaniki aliendelea kwenda barabarani alasiri kwa muda mrefu, halafu akaacha, akawa mbwa wangu.

Nilikozaliwa, Kilolo, mbwa akizeeka hakufia nyumbani. Alitiwa kwenye gunia akapelekwa mbali, akaachwa. Hapa Mafinga gunia hupakiwa juu ya lori la mbao na kushushwa katikati ya msitu. Wanaofanya hivyo si watu wakatili. Hawataki kumwua kwa mikono yao, na hawataki kumwona akifa uani, basi gunia linawaondolea yote mawili. Mimi nilipoanza kuona kwamba Kaniki anazeeka nilitaka jambo moja tu: afie nyumbani, katikati ya watu wake, na asiteseke kuliko inavyolazimu. Kwa yote niliyoyafanya mwaka ule nilikuwa nalitafuta hilo.

Ilianza Desemba, wakati wa kupandikiza. Nilikuwa nikirudi kutoka shambani jioni nimelowa, na Kaniki hakuja getini. Nilimkaripia. Siku nyingine nikamwita kula, akabaki ametazama upande wa pili. Nikasema amekuwa jeuri. Aliyenifungua macho ni Komba.

Komba ni dereva wa lori la mbao, Mngoni wa Songea, na amekaa Mafinga miaka mingi. Wangoni na sisi Wahehe ni watani. Mababu walipigana vita, wajukuu wanatukanana na hakuna ruhusa ya kukasirika. Wao hutuambia tunakula mbwa, sisi huwaambia wanakula panya. Komba akipita kwetu lazima apige honi, na Kaniki lazima atoke mbio ambwekee mpaka lori lipotee kwenye kona. Siku hiyo honi ililia mara mbili na mbwa akabaki amelala pale pale, mbavu zikipanda na kushuka. Komba akasimamisha lori, akashuka, akanisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, dada."

"Kamwene."

"Leo kitoweo chenu hakijanisalimia. Au mmeshakitia chumvi?"

"Hajakusikia."

"Amenisikia. Amechoka tu, mtu utabweka vipi na wenye nyumba wanakutazama mapaja?"

"Nenda kwenu Songea, panya wataungua."

Alicheka akarudi kwenye lori. Mimi nilisimama nyuma ya Kaniki, nikapiga makofi karibu na kichwa chake. Sikio halikutikisika. Nikapiga tena. Nilikumbuka makaripio yangu yote ya wiki zile, nikaingia ndani kukoka moto.

Januari, katika mvua, nilikuwa namtoa kupe, vidole vikapita juu ya kitu kigumu chini ya titi la nyuma, ukubwa wa harage. Mkono wangu ulijua kabla mimi sijajua. Mama mkwe alituonyesha uvimbe wake wa titi wakati umeshapasuka. Alikuwa ameufunga kwa kitambaa cha khanga muda wote tukiwa tunakula naye. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha mpaka mwisho. Kwa hiyo sikumwambia baba Eliza siku ile. Nilimwambia kesho yake, naye akasema "Mm," akaendelea kupiga randa.

Ofisi ya mifugo ina benchi moja nje, chini ya bati. Nilikaa hapo na Kaniki miguuni, pembeni ya ndama mwenye jicho bovu na mbuzi wawili. Mwisho wa benchi alikuwa jirani yangu mama Zawadi, na tenga la kuku waliohitaji chanjo ya kideri.

"Mama Eliza, umekuja kumchanja?"

"Hapana. Anaumwa."

"Anaumwa nini, presha?"

Benchi zima likacheka, na mwenye ndama akaongeza kwamba labda ni mawazo ya maisha. Nilicheka pia. Ni rahisi kucheka na watu kuliko kueleza. Bwana mifugo alimbonyeza Kaniki, akanawa mikono, akasema kwa adabu kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe, niende Iringa, pale Ipogolo, kuna daktari mwanamke mwenye chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo.

Basi la abiria halipokei mbwa. Komba alipita Ipogolo kila safari ya Dar es Salaam, mbao zikiwa nyuma, na ndivyo tulivyosafiri: mimi kwenye kiti, Kaniki sakafuni juu ya gunia safi, kichwa kwenye kiatu changu. Safari ya kwanza, kabla hatujafika, alitapika juu ya kandambili za Komba. Komba alitazama chini, akatazama barabara.

"Dada," akasema, "siku ya kumzika huyu nitadai jogoo."

Kwa wasiojua: mtani ana haki zake msibani. Anaweza kuzuia jeneza, anaweza kuigiza sauti ya marehemu, anaweza kudai kitu na asipopewa akakwamisha shughuli yote, na wafiwa watamlipa. Nilijibu kwamba Mngoni hajui kula jogoo, ana mifupa mikubwa kuliko panya. Lakini neno lile la kuzika lilibaki masikioni mwangu mpaka tukashuka.

Daktari wa Ipogolo alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia. Hakucheka. Alimwita mbwa kwa jina, akaniuliza anakula nini, analala wapi, anapanda ngazi au hapandi. Alianza na sindano za kuupunguza uvimbe, mara moja kwa wiki, na tangu hapo miezi kwetu ikawa inahesabika kwa sindano. Sindano ya pili ilikuja wakati wa palizi. Kufikia ya nne Kaniki alikuwa ameacha kula ugali, anakula maini tu. Baada ya kila sindano alilala bila kuinua kichwa, halafu alinyanyuka ghafla akatembea uani kama aliyesahau kitu. Nilijifunza kuwa siku ya baada ya sindano haifai kupokea wateja.

Katika benchi la Ipogolo nilifahamiana na mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Iringa, mwenye duka la vitambaa mjini. Mbwa wake alikuwa mdogo, amezungushiwa taulo, macho meupe.

"Wako miaka mingapi?" aliniuliza.

"Kumi na nne inakuja."

"Wangu kumi na sita. Watoto wako nje wote, huyu ndiye alibaki kunifungulia mlango." Alimtazama Kaniki akijaribu kuinuka. "Usimvute miguu ya mbele hivyo, mama. Inamuumiza nyonga. Pitisha taulo chini ya tumbo, uinue na taulo. Hivi."

Alinionyesha, mzee yule mwenye suruali iliyopigwa pasi, akiwa amepiga magoti kwenye sementi. Wiki nyingine tulizungumza bei za khanga na ubovu wa barabara. Kwenye sindano yetu ya sita alikuja bila mbwa. Alikaa benchini mahali pake. Nilipompa pole alisema amekuja tu kumsalimia daktari, lakini hakuingia. Kabla ya kuondoka alinipa lile taulo, limefuliwa na kukunjwa. Ninalo hadi leo.

Uvimbe haukupungua. Daktari aliniambia lazima ukatwe, na kwamba mwenzake aliyeko Mbeya ana vifaa. Nilimwuliza kama yeye angekuwa mimi angefanya nini. Akasema hawezi kuwa mimi, ila mbwa bado ana hamu ya chakula. Niliishika sentensi hiyo.

Aprili Komba akapata mzigo wa Tunduma, akatupitisha Mbeya. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, na kutoka Igawa mpaka Uyole mvua haikupumzika. Eliza amepanga chumba kimoja Uyole. Alitupokea mlangoni na mwavuli, bado ana chaki kwenye vidole. Hakuwa amemwona Kaniki tangu mwaka uliopita. Nilimshusha mbwa kwa taulo, akasimama, akatetemeka, akanusa kizingiti, akanusa ndoo ya maji. Akampita Eliza, akaenda kulala chini ya meza.

"Kaniki," Eliza akaita. Akaita tena kwa sauti.

"Hasikii, mwanangu."

"Najua hasikii, mama. Ila ananusa."

Alikwenda kuchemsha chai. Nilitaka kumwambia kwamba safari imemchosha, kwamba dawa zinavuruga pua, na labda ilikuwa kweli, lakini sikuwa na uhakika na sipendi kusema nisichokuwa na uhakika nacho.

Siku ya kukatwa nilisubiri chini ya upenu, mvua ikipiga bati kiasi kwamba usingeweza kusikia chochote kutoka ndani, na nililishukuru lile bati. Walimtoa akiwa amekatwa kuanzia kifuani hadi tumboni, mshono mweusi mrefu juu ya ngozi nyeupe. Sikuwa najua kwamba chini ya manyoya meusi ngozi yake ni nyeupe.

Tatizo lilikuwa kulamba. Daktari alisema akilamba nyuzi zitafunguka. Tulijaribu kitambaa, akakitoa. Siku ya pili Eliza alifungua sanduku lake akatoa sweta lake la sekondari, la kijani, akalikata mikono kwa mkasi, akamvalisha Kaniki na kulishona mgongoni likiwa mwilini mwake, kwa uzi wa kushonea vifungo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu tufike. Alishona polepole. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akasema bila kuniangalia:

"Mama, haya yote ni kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

"Bado anakula."

"Nakuuliza kitu kingine."

"Nimekusikia. Mimi ninajibu ninachokijua."

Tulikaa Uyole mpaka nyuzi zikatolewa. Majirani walikuwa wakimwita Kaniki mwanafunzi. "Mwanafunzi ameamkaje?" Watoto walimsimamia mlangoni, mmoja akamwuliza yuko kidato cha ngapi. Eliza aliwajibu kwa upole, na mimi na yeye tuliongea mambo ya chumvi na mkaa. Swali lake lilikaa nasi chumbani kama mgeni wa tatu.

Juni na Julai ilikuwa nafuu. Nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu anayepitia haya anahitaji kujua kwamba nafuu huja, na kwamba si ya kudumu. Baridi ya Mafinga miezi hiyo inaacha barafu nyembamba juu ya majani. Ndio wakati wa kusia mbegu, na ninafunika matuta kwa nyasi kila jioni. Kaniki alinifuata tuta kwa tuta akiwa ndani ya sweta, akikaa kila nilipoinama. Pua na nyusi zilikuwa zimekuwa nyeupe, na weusi wa mgongo ulikuwa umepauka ukawa wa kahawia, kama kaniki yenyewe inavyokuwa ikifuliwa miaka.

Siku moja nilikuta jikoni kitanda kifupi cha mbao za msindano, miguu ya chini kabisa, kingo zimepigwa msasa. Mbele kilikuwa wazi ili mtu asihitaji kuruka.

"Hiki ni cha nini?" nikamwuliza baba Eliza.

"Cha miche."

Hakuna miche inayokaa kwenye kitu kama kile, na yeye anajua. Jioni nilikuta ameweka gunia ndani, na juu ya gunia koti lake la zamani. Kaniki alikizunguka akakinusa, akaingia. Baba Eliza alikuwa anasoma gazeti. Hakugeuza ukurasa kwa muda mrefu.

Agosti, wakati tunahamishia miche kwenye viriba vya plastiki, Kaniki alianza kukohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, kama mtu anayetaka kusema neno mkutanoni. Nilipokisikia mara ya tatu nilipiga simu kwa Komba. Ipogolo, daktari alisikiliza kifua upande huu na upande ule, akakaa chini sakafuni karibu na Kaniki ili tuwe usawa mmoja sote.

"Mama, sindano ya kumrudisha sina tena. Iliyopo ni ya kumpumzisha. Jumamosi huwa nakuja Mafinga kuchanja. Ukiwa tayari, nipigie."

"Nitajuaje?"

Alifikiri. "Chagua vitu vichache anavyovipenda. Vikiisha, nipigie."

Nikachagua vitatu: maini, kunifuata kitaluni, na kuinua pua nikiingia jikoni. Nashauri mwingine afanye hivyo. Kichwa cha mtu mwenye huzuni hakiaminiki, kinahitaji kipimo.

Njiani Komba hakutania hata mara moja, na tulifika karibu na nyumbani. Kisha akasema, "Yale magunia ya msituni, dada. Nimeshapakia. Mara nyingi tu. Mtu anakupa, anakwambia mshushe mbele ya kambi, nawe unashusha." Akabadilisha gia. "Wengine wanakimbia nyuma ya lori." Mkono wangu ulikuwa juu ya kichwa cha Kaniki, na niliuacha hapo.

Kitaluni aliacha kunifuata mwanzoni mwa Septemba. Miguu ya nyuma ilianza kumsaliti, alikaa bila kukusudia. Alikojoa alipolala, na nilifua magunia kila siku nikayaanika nyuma ya nyumba, mahali mama Zawadi asipoona, ingawa aliona. Mara nyingine nilimkuta amesimama kwenye kona ya jiko, uso kwenye ukuta, hajui namna ya kugeuka. Hakulia. Alisimama tu akisubiri ukuta uondoke. Nilimshika mabega nikamgeuza, akaendelea na safari yake mpaka kona nyingine. Katika mwaka wote ule hakuna kilichonivunja kama hiki.

Mwezi huo huo tulikuwa na misa ya kumbukumbu ya mama mkwe. Ndugu walikuja, tukala, wakabaki wachache barazani. Shemeji yangu, mdogo wake baba Eliza, alikuwa amemtazama Kaniki muda mrefu, lile sweta, kile kitanda.

"Shemeji," akasema, "nimesikia Iringa mmekwenda mpaka mmezoea. Na Mbeya."

"Tumekwenda."

"Mama yetu hakupelekwa Iringa mara zote hizo."

Nilimwogesha mama yao, na sentensi ile bado ilikuwa kweli kwa namna yake. Shemeji hakuwa mkali. Aliongea kama mtu anayesaidia. "Nina gunia kwenye gari. Nikiondoka naweza kupita naye msituni. Nyie hamtaona chochote, mtapumzika."

Baba Eliza aliweka kikombe chini.

"Mama alificha," alisema. "Tungempeleka hata Dar. Alificha. Huyu hakuweza kuficha. Basi." Nikadhani amemaliza. "Atafia hapa. Na hilo gunia lirudishe ulikolitoa."

Shemeji aliondoka mapema. Sisi wawili tuliosha vyombo pamoja, jambo ambalo hatufanyi.

Oktoba huku ni mwezi wa moto. Mahali fulani msitu ulikuwa unaungua na moshi ukalala juu ya mji, na kikohozi cha Kaniki kikawa kirefu. Maini yakamshinda. Nilimpa uji kwa kijiko. Kikabaki kitu kimoja kati ya vile vitatu. Alhamisi asubuhi niliingia jikoni, nikasimama mlangoni nikasubiri. Nilisogea nikasubiri tena. Pua haikuinuka. Nilimpigia daktari, halafu nikampigia Eliza, halafu nikaenda karakana kumwambia baba Eliza. Alizima mashine.

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Basi nitachimba pale karibu na tangi. Udongo wa pale ni laini."

Eliza alifika Ijumaa jioni kwa basi. Aliingia jikoni na viatu vyake vya safari, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, hakumwita. Baada ya muda Kaniki alivuta pumzi ndefu, akasogeza kidevu kidogo kidogo, akakiweka juu ya kiatu cha Eliza. Sijui kama alimtambua. Nimefikiri sana juu ya hilo na sijui. Ninachojua ni kwamba kila alasiri, miaka ile, kitu cha kwanza alichonusa barabarani kilikuwa kiatu cha Eliza.

Daktari alikuja Jumamosi jua likiwa limeshapanda. Tulimtoa Kaniki barazani kwa lile taulo, kidevu tukakirudisha juu ya kiatu. Daktari alitueleza kila anachofanya kabla ya kukifanya. Baba Eliza alivua kofia. Kaniki alikwenda kimya kimya na haraka, haraka kuliko nilivyojiandaa. Eliza hakuhamisha mguu mpaka daktari alipofunga mkoba wake, na aliponyanyuka alichechemea. Mguu ulikuwa umekufa ganzi.

"Mama," akasema, "lile swali la Uyole. Sikustahili kuliuliza."

"Ulistahili. Jibu ni kwamba ni yote mawili."

Sikulia. Nilikuwa nimejiandaa kutolia. Kwetu mbwa hawekewi msiba. Hakuna kukaa chini, hakuna wa kukwambia pole, na mwanamke wa umri wangu akilia kwa ajili ya mbwa itazungumzwa sokoni. Nilijiambia tutafukia, nitamwagilia viriba, jioni itafika.

Shimo lilikuwa limefika kiunoni tuliposikia honi. Komba alipiga mara mbili kama kawaida, akasimamisha lori lenye mbao juu, akaja moja kwa moja hadi kwenye tangi. Alimtazama Kaniki ndani ya taulo. Alimtazama baba Eliza aliyeshika jembe. Akalichukua jembe, akachimba kidogo, akasawazisha pembe. Kisha akalitupa nje, akakaa chini ndani ya kaburi, akakunja mikono.

"Sitoki."

"Komba," akasema baba Eliza.

"Sitoki. Tangu mababu Wahehe hawajawahi kuzika mbwa. Leo mnazika nyama nzuri hivi, mimi nishuhudie tu, nirudi Songea niwaambie nini wazee? Hawataniamini. Leteni jogoo."

"Toka humo, mla panya."

"Jogoo. Nilitapikiwa. Dada ni shahidi." Akajilaza kabisa, miguu ikabaki juu ya ukingo. "Pana starehe hapa. Wahehe, kumbe mnajua kuchimba. Nilidhani mnajua kuchoma tu."

Eliza ndiye aliyeanza kucheka, mkono mdomoni. Halafu baba Eliza, ambaye sikumbuki mara ya mwisho kuona meno yake, akainama akicheka, akashika magoti, na kicheko kikabadilika katikati, mabega yakatikisika kwa namna nyingine. Hapo na mimi nikalia. Nililia kwa sauti, uani kwangu, mchana, na nikaona kwamba ninaweza, kwa sababu mtani yumo kaburini, na mahali mtani alipo kaburini pana msiba, mtu asibishe.

Jogoo alikamatwa na Eliza baada ya kumfukuza kuzunguka viriba. Komba alimpokea, akampima kwa mkono, akalalamika kwamba amekonda, akatoka. Yeye na baba Eliza walimteremsha Kaniki na sweta lake la kijani, taulo nikabaki nalo mimi, wakafukia pamoja.

Tuliporudi barazani mama Zawadi alikuwa anakuja kutoka upande wa pili wa uzio. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni na nyingine mabegani, kama mtu anavyokwenda kwenye msiba. Nilijikaza kusubiri mzaha. Alivua kandambili, akakaa mkekani karibu nami, akanyoosha miguu.

"Pole, mama Eliza."

"Asante."

Alikaa kidogo, kama inavyopasa. Kisha akauliza swali ambalo hapa kwetu kila mfiwa huulizwa.

"Kwani alianzaje kuumwa?"

Nikamweleza, tangu ile Desemba.